UZI: Sake kavu ya viwanda vidogo vya Japani, ukavu wake unatoka wapi?

Mpunga wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye mjadala wa vinywaji vya Asia wiki hii watu wamekubaliana kwamba sake ni gongo ya mchele, na kwamba ile inayoitwa kavu ndiyo kali zaidi, inaunguza koo. Yote mawili si kweli. Naishi Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, mkoa ambao mpunga na sake ndiyo maisha ya watu, kwa hiyo nimeona nifungue uzi wake kuliko kubishana kule. Naandika kwa simu, nitashusha kwa vipande. Mwenye swali alilete.

Nianze na gongo. Gongo, Konyagi, waragi, zote zinapikwa motoni, mvuke unakusanywa na kupozwa, ndio unakuwa kinywaji. Wajapani nao wanayo ya namna hiyo, inaitwa shochu. Sake haipiti huko. Inachachuka, inakamuliwa, inachujwa. Ikiwa tangini inaweza kufika asilimia 18 hadi 20 ya kilevi yenyewe, kisha wengi wanaiongezea maji kidogo kabla ya kuijaza kwenye chupa ili ishuke hadi 15 au 16. Konyagi ina 35. Pima mwenyewe.

Sasa kavu. Wenyewe wanasema karakuchi, na kinyume chake ni amakuchi, yaani tamu. Karakuchi ni sake ambayo sukari iliyobaki ndani ni kidogo na ladha yake inakatika upesi ukishameza. Inaingia, unaisikia yote, halafu mdomo unabaki safi na mkono unarudi kwenye sahani. Msimamo wangu ni huu: ile namba ya ukavu iliyo kwenye lebo watu wanaikimbilia mno, na inawapotosha. Ukavu unaousikia mdomoni umetengenezwa na maji, kuvu, baridi, hamira na namna walivyokamua. Viwanda vidogo vya zamani ndivyo vinavyokufundisha hilo, kwa sababu kila hatua unaiona kwa macho.

Mfano nitakaourudia ni Kariho, wa hapa hapa Akita, mji wa Daisen, kando ya mto Omono. Kiwanda kilianza 1913 ndani ya jengo lililojengwa 1850. Wana sake moja ya aina ya yamahai inayoitwa Namahage, jina la yale mazimwi ya rasi ya Oga yanayopita nyumba kwa nyumba usiku wa kuamkia mwaka mpya kutisha watoto wavivu. Lebo yake inasema +15. Hiyo ni kavu kuliko karibu chupa zote utakazozikuta dukani.

---

Kaka Mbezi

Natia nanga hapa mkuu. Hiyo +15 ni asilimia ya nini sasa?

---

Mpunga wa Kaskazini

Si asilimia mkuu. Ni kipimo cha uzito wa kinywaji ukilinganisha na maji. Wanaita nihonshu-do.

Wanachukua sake ikiwa kwenye nyuzi 15 za sentigredi, wanatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, wanasoma. Sukari huongeza uzito, kilevi hupunguza. Sake yenye uzito sawa na maji inapewa sifuri. Ikiwa nzito kuliko maji inaandikwa kwa alama ya kutoa, ikiwa nyepesi inaandikwa kwa alama ya kujumlisha. Hesabu yenyewe: gawanya 1 kwa uzito wa kinywaji dhidi ya maji, toa 1, zidisha kwa 1443. Kwa hiyo +10 ni kama 0.993, na +15 ni kama 0.990. Tofauti ni ndogo sana kwenye mizani, ila ulimi unaijua.

Tatizo liko hapa: namba ile inasoma vitu viwili kwa pamoja, sukari na kilevi. Mpishi akiacha kilevi kiwe juu, namba inapanda hata kama sukari haijapungua. Tena haisomi uchachu kabisa. Chukua sake mbili zote +5, moja ina uchachu wa 1.1 na nyingine 1.9. Ya pili utaapa ni kavu zaidi, na ni kweli mdomoni ni kavu zaidi, kwa sababu uchachu unafunika utamu. Viwanda vingi huandika namba zote mbili nyuma ya chupa. Zisome pamoja.

---

Dada wa Marangu

Kaka asante kwa uzi. Mimi swali langu ni la jikoni. Mchele hauna sukari. Hamira inakula nini?

---

Mpunga wa Kaskazini

Dada, hilo ndilo swali lenyewe, na wewe wa Marangu una jibu nusu tayari.

Kwenye mbege, ile pombe yenu ya ndizi na ulezi, mnaotesha ulezi mpaka unachipua, mnaukausha, mnausaga. Ile kimea ina vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari. Mjapani hakuotesha mpunga. Yeye alitafuta kuvu, koji, akaipandikiza juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Kuvu ile ndiyo inayotoa vimeng'enya. Kazi inayofanywa na ulezi kwenye mbege, kwenye sake inafanywa na kuvu.

Kisha kuna jambo ambalo bia haina. Kwenye bia, wanga unageuzwa kuwa sukari kwanza, ndipo hamira inaingia. Kwenye sake mambo mawili yanakwenda kwa wakati mmoja ndani ya tangi moja: koji inatoa sukari kidogo kidogo, hamira inaila pale pale. Sukari haijazani, kwa hiyo hamira haichoki mapema. Ndiyo maana inafika kilevi cha 20 bila moto wowote. Na hapo ndipo ukavu unapoanzia. Mpishi akiweza kuifanya koji itoe sukari taratibu na hamira iwe na nguvu mpaka siku ya mwisho, sukari inaisha. Koji ikikimbia mbele, hamira inashindwa kumaliza, unabaki na utamu.

---

Mwana Mtambwe

Assalaam alaykum. Mimi sinywi ila nafuatilia mapishi. Hiyo kuvu ndiyo ya sosi ya soya?

---

Mpunga wa Kaskazini

Waalaykum salaam sheikh wangu, karibu. Ndiyo, ni ile ile au ndugu yake wa karibu. Miso, sosi ya soya, siki ya mchele, zote zinaanza na koji. Jina lake la kisayansi ni Aspergillus oryzae. Mwaka 2006 Jumuiya ya Upikaji ya Japani iliitangaza kuwa kuvu ya taifa, na Desemba 2024 UNESCO ikaingiza ujuzi wa kupika vinywaji kwa koji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Pia kuna amazake, uji mtamu wa koji, na ule wa koji na mchele mtupu haupikwi kwa hamira kabisa. Watoto wanakunywa.

---

Mpunga wa Kaskazini

Nashusha kipande cha koji, maana naona wengi wamevutiwa.

Nilibahatika kuingia kwenye chumba cha koji cha kiwanda kimoja kidogo hapa mkoani mwezi wa pili. Sharti la kwanza nililopewa kabla ya siku hiyo: usile natto. Natto ni maharage ya soya yaliyochachushwa, chakula cha asubuhi cha watu wengi huku, na bakteria wake ni wakorofi, wakiingia kwenye koji wanaiharibu kazi ya siku mbili. Wafanyakazi wenyewe hawaigusi msimu mzima wa baridi.

Nje theluji ilikuwa imepita kiuno. Ndani ya chumba, kuta za mbao za sugi, joto zaidi ya nyuzi 30, wanaume wamevua mashati wamebaki na fulana. Mchele uliotoka kwenye mvuke umetandazwa juu ya meza ndefu. Mzee mmoja anashika chombo kidogo chenye kitambaa, anakitikisa juu ya mchele polepole, vumbi la kijani hafifu linashuka ambalo huwezi kuliona isipokuwa mwanga ukiligonga upande. Wakati huo wengine wote wamesimama kimya, milango imefungwa, hakuna anayetembea, ili vumbi lishuke lilipokusudiwa. Baadaye mchele unakusanywa, unafunikwa kwa vitambaa, unafumuliwa tena, unagawanywa kwenye trei ndogo za mbao, na usiku kuna mtu anaamka kuzibadilisha nafasi kwa sababu trei za juu zinapata joto kuliko za chini. Kwa siku mbili hivi joto la mchele linapanda mpaka nyuzi 40 na kitu. Mwishoni chumba kizima kinanukia njugu za kuchoma.

Nilipewa punje moja nikaipasua kwa kucha. Nje ilikuwa na madoa madoa meupe, haikufunikwa yote, na ndani uzi mweupe ulikuwa umechimba kuelekea kwenye kiini. Hiyo ndiyo koji ya kupikia sake safi na kavu. Mpishi hakuipa punje unyevu mwingi kwa nje, kwa hiyo kuvu imelazimika kuchimba ndani kutafuta maji. Koji iliyofunika punje yote kama blanketi inayeyusha mchele haraka, inatoa sake nzito na tamu. Unaona sasa kwamba ukavu uliamuliwa mwezi mmoja kabla hata ya kukamua, kwenye kiasi cha maji ambayo mchele uliyanywa wakati wa kulowekwa. Ndiyo sababu wanaloweka huku wameshika saa, wanahesabu kwa sekunde.

---

Fundi Pipa

Mkuu umeandika kwa mapenzi, hongera. Ila mimi niko Yokohama kwenye biashara ya magari, nimezunguka sana nchi hii, na ukiniuliza sake kavu nakutajia Niigata. Akita ni nzito kwangu. Hujaigusa Niigata kabisa.

---

Mpunga wa Kaskazini

Nilikuwa naielekea mkuu, na sikubishii kuhusu hadhi yake. Mtindo wa Niigata una jina lake, tanrei karakuchi, mwepesi na mkavu. Maji yao yanatokana na theluji, ni laini, hayana madini mengi, kwa hiyo uchachukaji unakwenda polepole. Mchele wao ni Gohyakumangoku, uliopewa jina 1957 mkoa ulipofikisha koku milioni tano za mchele (koku ni kipimo chao cha zamani cha nafaka). Punje yake ni ngumu, haiyeyuki sana tangini, kwa hiyo sake inatoka nyembamba na safi. Wana taasisi yao ya utafiti wa sake tangu 1930. Sake ya Koshi no Kanbai ndiyo iliyowafungua watu macho, kisha Kubota ikaja 1985, na tangu hapo Japani nzima ikisema karakuchi inamaanisha Niigata.

Lakini kavu haina kabila moja. Nenda Nada, kati ya Kobe na Nishinomiya. Pale kuna maji ya Miyamizu, yaliyogunduliwa 1840 na Yamamura Tazaemon. Alikuwa na viwanda viwili, kimoja sake yake ilikuwa nzuri siku zote kuliko cha pili. Akabadilishana mpaka wapishi, tofauti ikabaki pale pale. Alipobeba maji ya kisima cha huku kwenda kule ndipo akajua siri ilikuwa kwenye maji. Yale ni magumu, yana fosfati na potasiamu vinavyoilisha hamira, na chuma ni kidogo mno. Chuma ni adui wa sake, inaipa rangi na ladha ya kutu. Hamira iliyoshiba inakula sukari yote upesi, na sake inatoka kavu yenye misuli.

Kwa hiyo Niigata inapata ukavu kwa upole na Nada inaupata kwa nguvu. Namba kwenye lebo zinaweza kufanana kabisa. Ukinywa hutazichanganya hata siku moja.

---

Fundi Pipa

Hapo nimekuelewa. Na Kochi je? Wale jamaa wanakunywa sana.

---

Mpunga wa Kaskazini

Kochi wanapenda kavu kuliko karibu mkoa wowote, na sababu iko mezani. Chakula chao ni katsuo, samaki wa jamii ya jodari, anababuliwa kwenye moto wa majani ya mpunga nje kidogo tu, ndani mbichi, anakatwa vipande vinene, anamwagiwa kitunguu saumu na chumvi. Sake tamu hapo inakinai kwenye kikombe cha pili. Tsukasabotan, wa mji wa Sakawa, wako tangu 1603, na kavu yao imekaa sawasawa na samaki huyo.

---

Binti Kisutu

Wajuvi naomba msaada. Nilisoma sehemu kuwa sake yoyote iliyoongezwa kilevi ni uchakachuaji, na ya kweli ni junmai peke yake. Kweli?

---

Mpunga wa Kaskazini

Dada, kuna uchakachuaji kweli ulifanyika, ila mahakama za mitandaoni zimemfunga na asiyehusika.

Wakati wa vita na baada yake mchele ulikuwa haba. Kuanzia 1949 viwanda viliruhusiwa kuongeza kilevi kingi, glukosi na asidi, mpaka sake ikawa mara tatu ya ile ambayo mchele wake ungetoa. Ilikuwa inanata. Vizazi viwili vilikua vikijua kwamba sake ni ile. Mchele ulipopatikana tena, wenye viwanda wakubwa hawakuona haraka ya kurudi nyuma, maana faida ilikuwa nzuri. Unywaji ulifika kilele 1973, kisha ukaanza kuporomoka hadi leo. Sheria ya 2006 ndiyo iliyoiondolea sake ya namna ile haki ya kuitwa seishu, jina la sake kisheria.

Junmai ni mchele, maji, koji na hamira tu. Heshima yote kwa waliolipigania hilo. Shinkame wa Saitama walikuwa wa kwanza baada ya vita kuacha kila kitu kingine na kupika junmai tupu, mwaka 1987, wakati benki na wauzaji walikuwa wanawashangaa.

Lakini honjozo, sake inayoongezwa kilevi kidogo, ni jambo jingine. Pale kilevi kinachoongezwa hakiruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya uzito wa mchele, na kinaingizwa mwishoni kabla tu ya kukamua. Harufu nyingi za sake huyeyuka kwenye kilevi kuliko kwenye maji, kwa hiyo zinatoka kwenye machicha na kuingia kwenye kinywaji, na mwisho wa ladha unakuwa mwepesi, unakatika vizuri. Tangu enzi za Edo (1603 hadi 1868) walikuwa wanatia shochu kwenye tangi kuilinda isiharibike. Binafsi honjozo kavu ya kiwanda kidogo, ikiwa vuguvugu, naiweka mbele ya junmai nyingi za bei kubwa. Onja kwanza ndipo uhukumu.

---

Kaka Mbezi

Umetaja yamahai hukuelezea mkuu. Na kukamua pia uliahidi.

---

Mpunga wa Kaskazini

Nakuja. Yamahai kwanza.

Kabla ya tangi kubwa kuna tangi dogo la kuikuza hamira. Pale panahitajika asidi laktiki ili vijidudu vibaya vife na hamira ibaki peke yake. Njia ya zamani, kimoto, ilikuwa kusubiri bakteria wa asili waje waitengeneze asidi hiyo, na wafanyakazi walisimama usiku kwenye baridi wakisaga mchele na koji kwa makasia ya mbao mpaka uwe uji mzito. Mwaka 1909 Kagi Kinichiro wa taasisi ya taifa ya utafiti wa sake alionyesha kwamba kusaga kule si lazima, vimeng'enya vya koji vitayeyusha mchele vyenyewe ukiviloweka vizuri. Hiyo ndiyo yamahai. Mwaka mmoja baadaye ikaja njia ya haraka ya kumimina asidi iliyokwisha tengenezwa, wiki mbili kazi imekwisha, na leo sake nyingi inapikwa hivyo. Yamahai inataka kama mwezi mzima.

Kwa nini mtu ajitese? Kwa sababu hamira iliyopita kwenye vita ile ya mwezi mmoja inastahimili kilevi vizuri zaidi. Mwishoni, wakati hamira za kawaida zimechoka, yenyewe inaendelea kula. Ndipo unapata kitu kama Namahage wa Kariho: sukari karibu imekwisha, lakini mdomoni si maji matupu, kuna uchachu uliokomaa na ladha ya nafaka inayoshikilia. Kavu bila mwili ni rahisi. Kavu yenye mwili ndiyo ufundi.

Sasa kukamua. Viwanda vingi vinatumia mashine kubwa inayobana kwa hewa, kazi ya usiku mmoja, na si mbaya hata kidogo. Kariho wana fune sita, masanduku marefu ya kukamulia, na sake yao yote inapita humo. Fune inavyofanya kazi: uji uliochachuka unamiminwa kwenye mifuko mirefu myembamba, mdomo unakunjwa, mfuko unalazwa. Wa pili juu yake, wa tatu, safu kwa safu mpaka sanduku lijae. Mwanzoni hakuna anayebana chochote, uzito wa mifuko yenyewe unatosha, na kwenye tundu la chini sake ya kwanza inatoka ikiwa na ukungu kidogo na makali ya ujana. Hiyo inaitwa arabashiri. Ikifuata ya katikati, inang'aa, imetulia, ndiyo wanayoitenga kwa mashindano. Kisha ndipo kifuniko kinashushwa kubana. Mifuko inapangwa upya, inabanwa tena, na ya mwisho inatoka na ukakasi kidogo, wanaichanganya au kuitenga. Kazi nzima inaweza kuchukua siku mbili tatu, na mikono inayotoa machicha kwenye mifuko ile inapasuka kwa baridi.

Mbano wa polepole hautoi ukakasi mwingi kwenye machicha. Kwenye sake tamu ungeweza kuuficha. Kwenye +15 hakuna pa kuuficha.

---

Dada wa Marangu

Machicha! Kumbe na wao wanayo. Wanayafanyia nini?

---

Mpunga wa Kaskazini

Wanayathamini dada. Yanaitwa kasu. Wanalowekea samaki na matango, wanatia kwenye supu, na yana kilevi bado. Yanauzwa sokoni huku kwa mabapa kuanzia mwezi wa kwanza.

---

Binti Kisutu

Na wanawake wanaruhusiwa kupika? Nilisikia zamani walizuiwa hata kuingia.

---

Mpunga wa Kaskazini

Walizuiwa kweli kwa muda mrefu. Sasa hivi kuna wapishi wakuu wanawake kadhaa. Anayejulikana zaidi ni Miho Imada wa kiwanda cha familia yake Akitsu, Hiroshima, anayepika sake ya Fukucho. BBC ilimweka kwenye orodha yake ya wanawake 100 mwaka 2020. Na mgeni yupo pia: Philip Harper, Mwingereza aliyekuja 1988 kufundisha Kiingereza, akaingia kiwandani Nara, na mwaka 2007 akawa mpishi mkuu wa sake ya Tamagawa huko Kyotango. Mpishi mkuu wanamwita toji. Zamani walikuwa wakulima ambao shamba likilala chini ya theluji wanaondoka kijijini kwenda kupika hadi majira ya kuchipua, kisha wanarudi kupanda. Vijiji hivyo vimezeeka, na siku hizi mara nyingi mwenye kiwanda au mtoto wake ndiye toji.

Hili linaniuma kusema, ila ni muhimu mlijue. Miaka ya 1950 kulikuwa na viwanda kama 4,000. Leo hawafiki nusu. Na leseni mpya ya kupika sake kwa soko la ndani kwa kawaida haitolewi. Tangu 2021 unaweza kupewa ya kuuza nje ya nchi tu. Tena leseni ya kawaida inadai lita 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila kiwanda kidogo kinachofungwa, nafasi yake haijazwi na kijana mwenye ndoto. Tetemeko la ardhi la rasi ya Noto, mkoa wa Ishikawa, la Januari 1, 2024 liliangusha viwanda vilivyokuwa vimesimama kwa karne kadhaa. Majirani zao wa mkoa huo waliwapa nafasi kwenye matangi yao ili majina yasipotee sokoni. Ukinunua chupa ya kiwanda kidogo, unakiweka hai kwa msimu mwingine. Mimi nalichukulia kwa uzito huo.

---

Kaka Mbezi

Nimekuelewa sana. Sasa mimi nikiipata hiyo kavu hapa Dar, naiweka kwenye friji naipiga baridi kama bia?

---

Mpunga wa Kaskazini

Inategemea ni kavu ipi mkuu. Nyepesi ya mtindo wa Niigata, nyuzi 10 ni sahihi kabisa, na kwa joto la Dar utaipenda. Usiishushe mpaka sifuri, ladha inalala.

Ila yamahai kavu ipashe moto. Mimina kwenye mtungi mdogo, weka mtungi ndani ya sufuria ya maji uliyoyachemsha na kuyaepua, acha dakika mbili tatu. Unatafuta nyuzi 40, ukigusa kitako cha mtungi kiwe vuguvugu, kisikuchome. Kwenye joto hilo uchachu unalainika, nafaka inajitokeza, na ule mwisho unaokatika unakuwa mkali kuliko ikiwa baridi. Wajapani wana majina ya kila hatua ya nyuzi tano kutoka 30 hadi 55. Usiichemshe yenyewe motoni wala kwenye maikrowevu, kilevi kitakupanda puani na ladha itakuwa imeondoka.

Chakula: huku tunakula na samaki aitwaye hatahata wa kuchoma kwa chumvi, na iburigakko, figili nyeupe iliyokaushwa kwa moshi kisha ikachachushwa kwenye pumba za mpunga. Moshi na sake kavu ni ndugu. Kwa hapo nyumbani ningeanza na samaki wa kuchoma, chumvi na ndimu basi, au dagaa wa kukaanga wakavu. Pweza wa makaa pia. Mchuzi wa nazi hapana, utamu wa nazi utaifanya sake ionekane chungu. Kwa mchuzi wa nazi tafuta tamu kidogo.

---

Fundi Pipa

Nathibitisha hilo la moshi. Swali la mwisho kutoka kwangu: dukani unaangalia nini kwenye chupa, ukiacha namba?

---

Mpunga wa Kaskazini

Tarehe kwanza. Ile iliyoandikwa ni mwezi wa kujazwa au kutoka kiwandani, haina maana ya mwisho wa matumizi. Mimi nataka iwe ndani ya mwaka, isipokuwa yamahai na kimoto zilizokusudiwa kukaa. Pili, imewekwa wapi. Chupa iliyosimama dirishani juani iache hata kama ni ya bure, mwanga unaiharibu haraka kuliko joto. Tatu, kama imeandikwa nama, maana yake haikupashwa moto kuua vijidudu, hiyo lazima iwe kwenye friji dukani na kwako. Nyingine hupashwa hadi nyuzi 65 hivi, kwa kawaida mara mbili, kazi ambayo Wajapani wameifanya tangu karne ya 16, bila kujua bado kwamba kuna vijidudu.

Kiwango cha kukoboa mchele kitakuja nyuma ya hapo. Ginjo ni punje iliyobaki asilimia 60 au chini, daiginjo 50 au chini. Ukikoboa sana mafuta na protini za nje zinaondoka, harufu ya matunda inakuja. Ni nzuri, lakini harufu ile kwenye sake kavu mara nyingi inaleta hisia ya utamu. Kwa anayetaka kavu ya mezani, junmai au honjozo ya mchele uliobaki 60 hadi 70 inampa anachotaka, na kwa bei ndogo.

---

Mwana Mtambwe

Mimi nimepata elimu ya siki na koji, ahsante. Kwa wanywaji nawaulizia tu: ikishafunguliwa inakaa?

---

Mpunga wa Kaskazini

Ahsante sheikh kwa kuwaulizia. Ifungwe vizuri, isimame wima kwenye friji, usiilaze. Nyepesi inayonukia imalizwe ndani ya wiki moja. Yamahai kavu inakaa wiki mbili tatu, na wakati mwingine siku ya tatu au ya nne inakuwa imefunguka kuliko siku ya kwanza, kwa hiyo usikate tamaa na kikombe cha mwanzo. Ikizidi hapo pikia samaki: kikombe kimoja cha sake, maji, tangawizi, chumvi, sufuria ikiwa wazi mpaka mvuke wa kilevi uishe, ndipo umweke samaki.

Wikiendi nikipata nafasi nitapandisha orodha ya viwanda vya Tohoku, kanda hii ya kaskazini mwa Honshu, vinavyopokea wageni wakati wa baridi, kwa walioko huku Japani.